Kiongozi Aliyeomba Kukosolewa

Mtu akipewa cheo, hata kama ni cha kusimamia makarani watano au mabaharia wa jahazi moja, jambo la kwanza afanyalo aghalabu ni kutafuta makosa ya walio chini yake. Khalifa Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza na nafsi yake.

Alizaliwa katika nyumba ya Bani Umayya, waliokuwa watawala wa Waislamu zama hizo. Babake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri, na kwa upande wa mamake yeye ni kitukuu cha Sayyidna Umar bin Khattab. Alipelekwa Madina akasome kwa Saleh bin Kaysan. Siku moja akachelewa sala ya jamaa kwa kuwa alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu akamwandikia baba, na baba akatuma mtu kutoka Misri aje amnyoe mwanawe kichwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hata hivyo, ujana wake ulikuwa wa anasa. Alipenda mavazi ya thamani na manukato, na mwendo wake ulikuwa wa maringo. Mwaka 706 alifanywa gavana wa Madina, na hapo akafanya jambo lililowashangaza watu. Aliwaita wanazuoni kumi wa mji, akawataka wawe washauri wake, asikate shauri kubwa bila ya rai yao, na wamjulishe kila dhuluma itakayofanywa na maofisa wake.

Lakini hata mwenye washauri wema huteleza. Kwa amri ya Khalifa Walid, Umar alimpiga viboko Khubaib bin Abdallah bin Zubeir, akamwagiwa maji baridi siku ya kipupwe kikali, na Khubaib akafa. Umar angaliweza kusema kwamba yeye alitumwa tu. Hakusema hivyo. Alijuta hadi kufa kwake, na kila aliposifiwa kwa wema wake, alimtaja Khubaib na kuuliza atasalimika vipi naye mbele ya Mola.

Mwaka 717 Khalifa Suleiman bin Abdulmalik alifariki, na wasia wake ulipofunguliwa, jina lililosomwa lilikuwa la Umar. Hakufurahi. Aliletewa farasi wa kifalme, akawakataa, akataka nyumbu wake. Aliwaambia watu msikitini kwamba wako huru kumchagua mwingine, nao wakamshikilia yeye.

Yule mpenda anasa akavaa nguo za bei ndogo. Mashamba aliyoyapata kwa njia zenye shaka akayarudisha, na mkewe Fatma, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, akakubali vito vyake vitiwe katika Baitulmali. Husimuliwa pia kwamba taa ya serikali aliiwasha kwa kazi za serikali tu. Mazungumzo yakigeukia mambo ya nyumbani kwake, huizima akawasha yake.

Ila lililo kubwa kwangu ni agizo alilompa Amr bin Muhajir, mkuu wa walinzi wake. Alimwambia kwamba akimwona ameiacha haki, amshike nguo yake, amtikise, na amuulize anafanya nini. Tufikiri hapo. Dola yake ilianzia Andalusi hadi Sindi, naye amempa mtumishi wake ruhusa ya kumtikisa! Alijua kwamba nyani haoni kundule, na kwamba mwenye cheo huzungukwa na wasemao ndiyo. Huko Madina palikosekana mkono wa kumzuia siku ya Khubaib. Hakutaka ukosekane tena.

Alifariki mwaka 720, kabla ya kutimiza miaka 40, baada ya kutawala kiasi cha miaka miwili na nusu. Muda huo mfupi ulitosha watu wamhesabu pamoja na makhalifa waongofu.

Ewe mwalimu mkuu, mwenyekiti, nahodha au msimamizi wa ofisi: je, yuko mmoja kazini mwako awezaye kukushika kanzu bila ya kuogopa riziki yake? Kama hayuko, basi mtafute leo, kabla hujapata Khubaib wako.