MAISHA YA JOHN WESLEY

Watu wengi wakisikia jina la John Wesley hudhani kwamba alikuwa mtu aliyezaliwa mwema, akaishi mwema, akafa mwema. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari zake. Kumbe alipokuwa na umri wa miaka 34 alirudi kwao Uingereza kutoka Amerika kama mtu aliyeshindwa kabisa, na lau angalikufa baharini siku zile, sidhani kama tungalijua jina lake leo.

Alizaliwa mwezi wa Juni, mwaka 1703, katika mji mdogo wa Epworth, jimbo la Lincolnshire. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, mtu mwenye elimu nyingi na madeni mengi, hata aliwahi kufungwa gerezani kwa ajili ya deni. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Mama huyo aliwafundisha mwenyewe nyumbani, na kila mtoto alikuwa na jioni yake katika juma ya kukaa na mama peke yake. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi.

Mwezi wa Februari 1709 nyumba yao ilishika moto usiku. Wote wakatoka, ila John, mtoto wa miaka mitano, akasahauliwa ghorofani. Akapanda juu ya sanduku akaonekana dirishani. Ngazi haikuwapo, basi mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake akamtoa, na papo hapo dari ikaanguka.

Alisoma London katika shule ya Charterhouse, kisha akaenda Oxford, akawa kasisi na mwalimu huko. Yeye na ndugu yake Charles na rafiki zao wachache walikuwa wakisali kwa saa, wakifunga, wakiwatembelea wafungwa. Wanafunzi wengine waliwacheka, wakawaita Methodisti, yaani watu wa utaratibu. Jina la dhihaka likawa jina la kanisa.

Katika siku hizo za Oxford likatokea jambo moja dogo ambalo hakulisahau. Alikuwa amenunua picha za kupamba chumba chake. Siku ya baridi kali akaja msichana maskini, naye amevaa nguo nyepesi. Wesley akatia mkono mfukoni ampe fedha za kununua koti, akakuta zilizobaki hazitoshi. Akaona haya sana, kwani ilikuwa kama koti la yule msichana limetundikwa ukutani. Tangu hapo akajiwekea sheria. Mwaka ule aliopata pauni 30, alitumia 28, mbili akawapa maskini. Mwaka wa pili akapata 60, akatumia 28 zile zile, akatoa 32. Mwaka wa tatu akapata 90, na wa nne 120, wala chakula chake hakikuongezeka. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko kufunga. Kila mmoja wetu aliyepata kuletewa fedha na mzazi wake anajua jinsi mahitaji yanavyozaliwa siku ile ile.

Hata hivyo moyo wake haukuwa na raha. Mwaka 1735 alipanda meli kwenda Georgia, Amerika, kuwahubiria Wahindi Wekundu. Njiani tufani ikapasua tanga kubwa, Waingereza wakapiga makelele, na Wesley mwenyewe akaogopa kufa. Lakini Wajerumani wa kanisa la Moravia waliendelea kuimba zaburi, hata wake na watoto, kwa utulivu. Akafahamu kwamba wale wana kitu ambacho yeye, kasisi wa Oxford, hana. Huko Georgia mambo yakaharibika. Alimpenda binti mmoja, akasitasita, binti akaolewa na mtu mwingine. Baadaye Wesley akamnyima ushirika mtakatifu, akashtakiwa barazani, akaondoka usiku mwezi wa Desemba 1737. Hapo hakutenda vema, na hakuna haja ya kumfichia.

Alirudi akiungama kwamba alikwenda kuwaongoa wengine hali yeye mwenyewe hajaongoka. Tarehe 24 Mei 1738, jioni, akaenda bila kupenda kwenye mkutano katika mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Yapata saa tatu kasorobo Wesley akasikia joto la ajabu moyoni, akaamini kwamba dhambi zake yeye hasa zimesamehewa, si kwa saumu zake wala kwa utaratibu wake.

Mwaka uliofuata alianza kuhubiri nje, uwanjani, karibu na Bristol, mahali pa wachimba makaa ambao hawakuwa na kanisa. Mwanzoni alichukia jambo hilo, maana aliona kuhubiri nje ya kanisa ni kama aibu. Wengi walimpiga mawe. Mwaka 1743 huko Wednesbury kundi la watu lilimkokota usiku katika mvua. Kiongozi wao mmoja, mpigana ngumi, alipomsikia akiomba aligeuka akamlinda, na baadaye akawa Methodisti.

Kwa zaidi ya miaka 50 alizunguka, kwa sehemu kubwa juu ya farasi, akisoma kitabu huku hatamu zimelegea. Aliamka saa kumi alfajiri. (Kengele yetu sisi twailalamikia!) Alifundisha kwamba Mungu aweza kumkamilisha mtu katika upendo, wala yeye mwenyewe hakudai kuwa amefika. Mkewe, aliyemwoa mwaka 1751, hakupata mume wa kukaa nyumbani. Waligombana, akaondoka, na alipofariki mwaka 1781 Wesley alipata habari baada ya maziko.

Mwaka 1776 serikali ilimwuliza vyombo vyake vya fedha, ili alipe kodi. Akajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, wala hataongeza maadamu watu wanakosa mkate. Mwaka 1774 alikuwa ameandika kitabu kidogo cha kupinga utumwa. Januari 1785, naye ana miaka 81, alitembea siku nne katika theluji inayoyeyuka, akiomba fedha za nguo za maskini, akapata pauni 200, akaugua. Wafuasi wake ndio waliofika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Alikufa London tarehe 2 Machi 1791. Katika wosia wake alikataza gari la maiti na fahari yo yote. Aliagiza jeneza lake lichukuliwe na maskini sita, na kila mmoja apewe pauni moja.