De Havilland: Seremala wa ndege aliyepigana na uzito maisha yake yote

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

UKICHUKUA ramani na rula ukachora mstari ulionyooka kutoka Tabora hadi Mbala, nchini Zambia, mstari huo utapita karibu kabisa na mji wa Sumbawanga. Mwanzoni mwa mwaka 1926, Mbala ikiitwa bado Abercorn, Mwingereza Alan Cobham alisafiri kwa ndege kati ya miji hiyo miwili akiwa njiani kutoka London kwenda Cape Town. Ndege yake, DH.50, ilikuwa ya mbao, plaiwudi na kitambaa. Herufi hizo mbili, DH, ni za mtu aliyeibuni: Geoffrey de Havilland.

Huku Ufipa, ambako mababu walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu ili kuyeyusha chuma, huenda msomaji akashangaa kuona ubao na nguo vikiaminiwa kubeba roho za watu. Sababu ni uzito. Sumbawanga iko takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya pwani. Injini hupungukiwa pumzi, bawa hukosa hewa ya kutosha ya kulibeba, na kila kilo ya ziada hudaiwa palepale ndege inapojaribu kuacha ardhi.

De Havilland alizaliwa Julai 27, 1882, karibu na mji wa High Wycombe, Uingereza, akiwa mtoto wa kasisi. Alisomea uhandisi, lakini kazi ya magari haikumtosheleza. Babu yake mzaa mama alimpa pauni 1,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, naye akazitia zote katika kitu ambacho hakuwahi hata kukiona kikiruka.

Akishirikiana na rafiki yake, fundi Frank Hearle, alitengeneza ndege yake mwenyewe. Injini aliibuni na kuagiza iundwe kiwandani. Mkewe, Louise, ambaye walioana mwaka 1909, alishona kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya mkono.

Desemba 1909, mahali paitwapo Seven Barrows, ndege hiyo iliinuka kidogo tu na bawa likavunjika. Mbao zilikuwa dhaifu kuliko mzigo ziliotwikwa. De Havilland alitoka katika mabaki akiwa hai, na injini ikapona. Mtu mwingine angerudi kwenye magari. Yeye alianza upya, akitumia injini ileile na mbao imara zaidi.

Septemba 10, 1910, ndege ya pili ilikuwa tayari. Hearle alilala kifudifudi majanini ili ahakikishe kama magurudumu yanaachana kweli na ardhi. Yaliachana. Serikali ya Uingereza ikainunua kwa pauni 400 na kumwajiri mbunifu wake.

Wanaounda ndege ndogo za mfano leo wataitambua kazi hiyo mara moja: mbavu nyembamba za mbao, kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngoma, na nyaya za chuma zilizovutwa ili mabawa yasipinde. Hakuna kipande kimoja chenye nguvu peke yake. Nguvu imo katika maungio.

Mwaka 1920 alianzisha kampuni yake, na Februari 22, 1925, ikaruka ndege iliyomtajirisha, Moth, yaani nondo, kwa kuwa de Havilland alipenda mno wadudu hao. Tupu, bila mafuta wala watu, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 350. Mabawa yake yalikunjwa ili iingie katika banda dogo. Injini iliwashwa kwa kuzungusha panka kwa mkono, cheche zikitoka kwenye magneto, hivyo hapakuwa na haja ya betri nzito. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi ilianza kazi kwa ndege ya aina hiyo, Gipsy Moth. Mei 1931, mwindaji maarufu Denys Finch Hatton na msaidizi wake Kamau walikufa katika Gipsy Moth iliyoanguka Voi.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, wakubwa wengi walidhani enzi ya mbao imepita. De Havilland alijibu kwa Mosquito, iliyoruka Novemba 25, 1940, ikirushwa na mwanawe Geoffrey: tabaka mbili za plaiwudi zenye balsa katikati, zikishikwa kwa gundi. Ilizipita kwa kasi ndege nyingi za metali. Hata hivyo, mwaka 1944 Mosquito za India na Burma zilisimamishwa baada ya maungio kukutwa yameachana.

Hapo ndipo nyumba yake ilipobomoka. John, mwanawe mdogo, alikufa mwaka 1943 Mosquito mbili zilipogongana. Septemba 27, 1946, Geoffrey alikufa ndege ya majaribio DH.108 ilipokatika vipande angani. Louise hakupata tena afya, akafariki mwaka 1949.

Mwaka huohuo iliruka Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya injini za jeti, yenye ngozi nyembamba ya metali ili iwe nyepesi. Mei 2, 1952, Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria wa kulipa, London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Ndege ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 10, 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Nyingine ikafuata Aprili. Uchunguzi ulionyesha kuwa metali ilichoka kwa kutanuka na kunywea kila safari, ikapasukia kwenye kona za matundu yaliyokatwa katika ngozi hiyo. Ni kosa la Seven Barrows, safari hii likiwalipisha wengine.

De Havilland alifariki Mei 21, 1965, akiwa na miaka 82. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows.