Kadi Aliyoikataa Honus Wagner
Honus Wagner alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1874, mwana wa wahamiaji Wajerumani. Utotoni alifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, kisha akawa bingwa wa besiboli mjini Pittsburgh. Mwaka 1909 kampuni ya tumbaku ilianza kutia kadi zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Wagner, aliyekuwa mtumiaji wa tumbaku, aliikataza picha yake. Yasemekana hakutaka watoto wanunue sigara ili kuipata. Wapo wadaio alitaka malipo. Alifariki mwaka 1955. Kadi chache zilizokwisha kutoka zikawa adimu mno, na moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mkusanyaji huipenda kwa uchache wake. Mwalimu na awafunze wanafunzi chanzo cha uchache huo.