Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyefungwa Ulimi

Ilikuwa mwaka 1095, sawa na mwaka 488 wa Hijra, katika mji wa Baghdad. Mwalimu aliyekuwa mashuhuri kupita walimu wote wa mji huo alitaka asomeshe walau siku moja, apate kuwaridhisha wanafunzi waliokuwa wakimjia. Akajikaza, akajaribu, na ulimi wake haukutamka hata neno moja. Muda si muda hata chakula kikamshinda. Tonge haikupita kooni, na tone la maji likawa ni mzigo.

Mtu huyo hakuwa mwingine ila Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyepewa na Waislamu lakabu ya Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Jina lake si geni kwetu sisi watu wa pwani. Kitabu chake Ihya Ulumid-Din kimekuwa kikisomwa katika darsa za misikiti yetu tangu zama za wazee wetu. Lakini wengi wamjuao kwa elimu yake hawana habari kwamba aliwahi kuuguzwa na fikra zake mwenyewe, na kwamba kisa hicho alikiandika kwa mkono wake bila ya kuona haya.

Ghazali alizaliwa mwaka 1058 (450 Hijria) huko Tus katika nchi ya Khurasani, karibu na ulipo leo mji wa Mashhad, Iran. Wasimulizi wasema kwamba baba yake alikuwa maskini aliyesokota manyoya ya kondoo na kuyauza. Hakubahatika kusoma, ila alipenda mno kukaa katika vikao vya wanazuoni. Mauti yalipomkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa sahibu yake mcha Mungu, akamwachia akiba ndogo iwasomeshe. Akiba hiyo haikudumu. Ilipokwisha, sahibu yule ambaye naye alikuwa fukara aliwashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Basi njaa ndiyo iliyowapeleka mayatima wale kwenye elimu, na swali la kwamba mtu asoma kwa ajili ya nini lilikuja kumwandama Ghazali ukubwani.

Alisoma Tus, kisha Jurjan. Yasimuliwa kwamba alipokuwa njiani kurejea kwao alivamiwa na wanyang'anyi wakamchukulia mfuko wenye maandishi ya masomo yake. Aliwafuata akiwasihi wamrejeshee, na mkubwa wao akamcheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi aweza kuiiba. Maandishi akarudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni.

Baadaye alikwenda Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa Imamul Haramain al-Juwaini, akakaa naye mpaka shekhe huyo alipofariki mwaka 1085. Kutoka hapo alijiunga na baraza la Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, na mwaka 1091 waziri huyo akamteua kuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu tu. Wanafunzi mia tatu wakamsikiliza. Mali ikaja, heshima ikaja, na mawaziri na wakubwa wakatafuta rai yake. Kwa macho ya watu, mtoto wa msokota manyoya alikuwa amefika.

Lakini ndani kulikuwa na moto. Mara moja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuugua kwa muda wa karibu miezi miwili maradhi ya shaka. Aliyatilia shaka hata macho yake. Nyota huonekana ndogo kama dinari, na hisabu huonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Kivuli huonekana kimesimama, kumbe chaenda. Ikiwa macho yadanganya, na akili je? Maradhi hayo hakuyaponya kwa kupanga hoja juu ya hoja. Alipona, kama alivyoeleza, kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu.

Mara ya pili mambo yalikuwa mazito zaidi. Alijichungua nafsi yake akaona kwamba anasomesha kwa kutaka jaha na sifa, na akahofu kwamba amesimama ukingoni mwa shimo. Tangu Rajab ya mwaka 488, kwa miezi ipatayo sita, akawa kati ya kamba mbili. Asubuhi huazimia kuacha cheo na kutoka Baghdad, jioni azma imevunjika. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Wako wataalamu waliosema baadaye kwamba ilikuwemo pia hofu ya siasa, kwani Nidhamul Mulk aliuawa mwaka 1092 na dola ikaingia katika fitina. Huenda ikawa hivyo, kwani mara nyingi dhiki ya mtu haitoki mlango mmoja. Hatimaye mwili ndio uliosema yale ambayo yeye alishindwa kuyaamua: ulimi ukafungwa, tumbo likakataa chakula, nguvu zikamwisha.

Matabibu waliitwa. Hawakumwambia kwamba imani yake ni haba, wala hawakumtafutia aliyemroga. Walipokwisha kumtazama walisema kwamba jambo hilo limeanzia moyoni likashukia mwilini, na kwamba dawa ya tumbo haitafaa kitu mpaka dhamiri ipumzishwe na hamu iliyoikalia. Maneno hayo yalisemwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita.

Ghazali alipoona hila zimemwishia alimwelekea Mola wake kama mtu aliyefikwa na dharura, na cheo kikawa chepesi kukiacha. Mnamo Dhulqaada ya mwaka huohuo alitoka Baghdad. Aliwatangazia watu kwamba ataka kwenda Makka, na moyoni nia yake ilikuwa Sham, kwa kuchelea wakubwa wasimzuie. Mali yake aliigawa, ila hakuwatupa wanawe: aliwabakishia cha kuwatosha. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake madrasani.

Huko Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa, akishughulika na dhikri na kuisafisha nafsi. Akaenda Baitul Muqaddas, kisha Makka na Madina. Baadaye watoto wake na mapenzi ya nyumbani vikamvuta, akarejea kwao. Muda wa miaka kama kumi alikaa mbali na jukwaa. Hata hivyo hakudai kwamba utulivu ulikuwa wake kila saa. Amekiri kwamba mambo ya riziki na ya watoto yalikuwa yakimkatiza, na kila yalipomtoa njiani alirudi tena.

Katika miaka hiyo ndipo alipoitunga Ihya, yenye vitabu arubaini ndani yake. Humo amekieleza kitabu kizima cha maajabu ya moyo, akaufananisha moyo na birika imiminikiwayo na maji ya mito mingi, na kwa masikio na macho mambo huingia yakauchafua. Akazipambanua fikra kwa daraja. Ya kwanza ni wazo lipitalo, kisha matamanio yafuatayo, na mambo mawili haya mja hahukumiwi kwayo, kwa kuwa hakuyaita mwenyewe. Linalohukumiwa ni kusudio alilolifunga kwa hiari yake. Hebu fikiri ni mzigo gani utuliwao kwa maneno hayo! Ni wangapi wasiolala usiku kwa sababu wazo baya limewapitia, nao wajidhani wamekwisha kuangamia?

Amefundisha pia kwamba maradhi ya nafsi hutibiwa kwa kinyume chake, kama tabibu atibuvyo joto kwa baridi. Sisi Waswahili husema dawa ya moto ni moto, lakini Ghazali alitumia maji: ubahili kwa kutoa, kiburi kwa kunyenyekea, na yote kwa mazoezi ya kidogokidogo. Wala hakuona kwamba kutafuta dawa kwavunja tawakali. Aliihesabu elimu ya utabibu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, akawalaumu wanafunzi wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi ilhali miji mingine haina tabibu Mwislamu.

Mwaka 1106 alikubali kusomesha tena, safari hii huko Nishapur, kwa kuombwa na Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk. Alieleza kwamba ingawa amerudi kazini, hakurudi yule wa zamani, kwani nia imegeuka. Kisha akarejea Tus, akasomesha karibu na nyumba yake. Alifariki tarehe 18 Desemba 1111, mwezi 14 Jumadal Ukhra 505. Nduguye Ahmad asimuliwa kuwa alieleza kwamba alfajiri hiyo alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akalala kuelekea kibla, na roho ikatoka kwa salama.

Si kila mmoja wetu awezaye kuacha kazi akaenda kukaa mnarani, wala si hilo funzo la maisha haya. Funzo ni kwamba mwanachuoni wa daraja ile aliugua, akasema kuwa anaugua, akawaruhusu matabibu wamtazame, akamwomba Mola wake, akabadilisha yaliyokuwa yakimla, na akaupa moyo wake muda wa kupona. Katika mitaa yetu mtu akikosa usingizi, kifua kikimbana na fikra zikimzonga, hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa ana wazimu au imani yake ni dhaifu. Na wahenga wametuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa Hoja ya Uislamu hakuona aibu kuiandika habari yake, kijana wa Kibokoni au mama wa Lamu ana aibu gani kumwambia nduguye, shekhe wake na daktari wake kwamba moyo wamuuma?