Leo Fender: mzee wa jicho moja aliyeleta rangi za magari kwenye magitaa

Leo tumkumbuke Leo Fender, Mmarekani wa California, aliyezaliwa 1909. Utotoni alipoteza jicho moja. Akasomea uhasibu, kibarua kikaota nyasi, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938. Gitaa hakujua kulipiga! Lakini ndiye aliyeleta besi ya Precision (1951) na Stratocaster (1954).

Stratocaster nyingi za mwanzo zilikuwa za rangi ya mbao, inayokolea pembeni. Ukitaka rangi nyingine unaongeza asilimia 5, unapakiwa rangi ya magari ya DuPont: nyekundu ya Ford Thunderbird (Fiesta Red) au bluu ya Cadillac (Lake Placid Blue).

Mwaka 1965, afya ikiwa mgogoro, akaiuza kampuni kwa CBS kwa dola milioni 13. Kumbe bado yupo yupo! Aliunda magitaa mpaka alipofariki 1991.

Kinachochekesha, vanishi ya juu ilizeeka ikawa njano: nyeupe ikageuka krimu, bluu ikaelekea kijani. Leo viwanda vinalichakaza gitaa jipya makusudi, na watu wanalipa zaidi. Kipya kinyemi? Hapa imegoma! Mnasemaje wadau?