Mickey Mantle: Pombe na virusi vilivyomaliza ini lake

Wapenzi wa besiboli hapa Marekani hawajamsahau Mickey Mantle, jezi namba 7 wa New York Yankees, aliyefariki Dallas, Texas, Agosti 13, 1995, akiwa na umri wa miaka 63. Wengi husema aliuawa na pombe. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari.

Mantle alizaliwa Oklahoma mwaka 1931, mtoto wa mchimba madini. Alijiunga na Yankees mwaka 1951, na hadi anastaafu mwaka 1969 alikuwa amepiga homurani 536 na kutwaa ubingwa wa World Series mara 7. Baba yake alifariki kwa saratani mwaka 1952, akiwa na miaka 40 tu. Kijana akaamini naye hatafika mbali, akaizamia chupa kwa miaka 40 hivi.

Mwanzoni mwa 1994 aliingia kituo cha Betty Ford, California, akaacha kunywa. Alikuwa amechelewa. Mwaka uliofuata madaktari walikuta ini limejaa makovu, lina saratani, na damu yake ina virusi vya homa ya ini aina ya C.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye nusu ya pili. Inadhaniwa virusi aliviPata kwa kuongezewa damu katika moja ya operesheni zake nyingi, enzi ambazo damu haikupimwa C, kwani virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1989. Huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 bila dalili, vikilitia ini vidonda ambavyo vikipona huacha makovu. Pombe nayo hufanya kazi hiyohiyo. Vikikutana, ini huwahi kuchakaa. Kwetu mlevi akiugua ini huambiwa amejitakia, na hakuna anayekumbuka kumpima.

Juni 8, 1995 alipandikizwa ini jipya. Zikazuka kelele kwamba ameruka foleni kwa umaarufu wake, madaktari wakakanusha. Julai aliwaita waandishi, amekonda, akawaasa watoto wasimwige. Muda si mrefu saratani ikaonekana mapafuni.

Vidonge vinavyoponya homa ya ini ya C kwa wiki 8 hadi 12 vilianza kupatikana yapata miaka 20 baada ya kuzikwa kwake.