Zawadi za Sayyid Said: Maisha ya Al-Hajj Ahmad bin Naaman na Vyombo Vitatu vya Bibi



Mwezi wa Shaaban uliopita nilisafiri kutoka Maskati kwenda Marekani kuwaona watoto wa marehemu dada yangu. Wako watatu, na kila mmoja ana mji wake: mkubwa yuko Louisville, wa kati yuko Columbus, mdogo yuko Buffalo. Niliitwa kwa shauri. Mama yao aliacha vyombo vitatu vya bibi yetu wa Unguja: mrashi wa fedha, chupa ya kioo ya mafuta ya waridi, na dele la kahawa la shaba. Vilitoka Unguja mwaka 1964 vimefungwa ndani ya kanga, vikakaa Dubai, vikaja Maskati, kisha vikavuka bahari. Sasa kila nyumba ilikuwa na kimoja, na mdogo wao alikuwa na deni la chuo lililomkosesha usingizi. Walitaka wauze vyote wagawane. Wakanitaka mimi nikadirie bei, maana wanajua kuwa tangu ujana wangu nakusanya vyombo vya zamani.

Sikuwapa bei. Kila nyumba niliyofika, baada ya Isha, niliwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyepeleka vitu vya thamani Marekani kabla yao, na yaliyovisibu vitu hivyo. Naona si vibaya nikuhadithieni na nyinyi.

Mtu huyo ni Al-Hajj Ahmad bin Naaman al-Kaabi al-Bahrani. Alizaliwa upande wa Basra mwishoni mwa karne ya 18, akakulia katika dunia ya majahazi na biashara ya Ghuba. Akaingia katika utumishi wa Sayyid Said bin Sultan, akawa karani wake. Siku zile karani wa Sayyid hakuwa mwandishi wa barua tu. Alikuwa ndiye anayejua nani anadai na nani anadaiwa, bei ya karafuu na pembe za ndovu, na namna ya kuzungumza na Mzungu bila ya kumvunjia heshima na bila ya kujivunjia yake. Ahmad alisafiri na merikebu za bwana wake nchi za mbali, akaona bandari nyingi, na akaaminiwa.

Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, ulioletwa Maskati na Edmund Roberts. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wamekwishaizoea bandari ya Unguja, na mwaka 1837 Richard Waters akaja huko kuwa balozi mdogo wao. Wao walileta nguo, na mpaka leo bibi zetu wanaiita nguo ile merikani. Walichukua pembe, sandarusi na ngozi. Sayyid Said alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mtu wa fahari. Akaona kama wao wanakuja kwake, kwa nini naye asiende kwao?

Akaitoa merikebu yake Al-Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, yenye milingoti mitatu na mizinga 14. Akamweka Ahmad bin Naaman juu ya mali na juu ya ujumbe. Merikebu iling'oa nanga Maskati mwishoni mwa Desemba 1839, ikapitia Unguja kukamilisha shehena, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikagusa kisiwa cha St. Helena. Nahodha wa kuongoza njia alikuwa Mwingereza mpenda ulevi, na matanga na kamba zilichakaa njiani. Hata hivyo, tarehe 30 Aprili 1840 Al-Sultana ilitia nanga New York. Mjumbe wa Tunis alikuwa amekwishafika Marekani mwaka 1805, lakini kutoka Oman na Unguja Ahmad ndiye wa kwanza.

Ndani ya merikebu mlikuwa na tende, kahawa ya Mokha, mazulia ya Kiajemi, pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Hiyo ilikuwa biashara. Mbali na biashara palikuwa na zawadi za Sayyid Said kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, uzi wa lulu 150 na lulu mbili kubwa pembeni, kipande cha dhahabu, shali za Kashmiri, zulia la hariri, upanga uliopambwa kwa dhahabu, mafuta ya waridi na marashi. Msomaji wa Ghuba hahitaji kuelezwa maana ya marashi. Mgeni akiingia nyumbani kwako unamrashia mikononi, naye anajua kuwa amepokewa. Safari hii mgeni ndiye aliyebeba marashi kumpelekea mwenyeji.

Van Buren hakuweza kuzipokea. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kuchukua zawadi ya mfalme wa nchi nyingine bila ya idhini ya Kongresi. Fikirini Ahmad alikuwa katika hali gani. Bwana wake amempa amana aifikishe, na mwenye kupewa anarudisha mkono. Kuzirudisha Unguja kungekuwa aibu kwa Sayyid, na kulazimisha kungekuwa aibu kwa Rais. Ahmad hakugomba wala hakuondoka. Alishikilia kuwa zawadi zimekwishatolewa na haziwezi kurudi, na akawaachia wenyeji watafute njia katika sheria yao. Kongresi ikaamua zipokewe kwa jina la taifa, na Rais apewe ruhusa ya kuziuza na kutia fedha katika hazina. Farasi waliuzwa kwa mnada. Lulu, mafuta ya waridi na vitu vingine vikawekwa Washington, katika jumba la Ofisi ya Hataza, watu wavione. Mwaka 1848 wezi waliviiba humo vitu vya thamani, lulu za Sayyid zikiwamo, na baadaye zikapatikana. Leo lulu hizo ziko katika makumbusho ya Smithsonian.

Kwa zaidi ya miezi mitatu Ahmad alikuwa gumzo la New York. Watu walijaa gatini kutazama merikebu na mabaharia wake. Wakuu wa mji walimkaribisha, wakampandisha treni ya Long Island mpaka Hicksville, wakamtembeza mjini. Jeshi la majini la Marekani likaitengeneza Al-Sultana katika gati ya Brooklyn bila ya kudai malipo. Mchoraji Edward Mooney akamchora kwa rangi za mafuta, na picha ya Mooney imo katika jumba la Peabody Essex huko Salem: mtu wa makamo, kilemba kichwani, ndevu zimetunzwa, macho hayamkimbii mtazamaji.

Pamoja na heshima hizo hakusahau kazi. Aliuza shehena, akanunua merikani, shanga nyekundu, bunduki, baruti na sahani. Serikali ya Marekani nayo ilimtuma na zawadi za kumpelekea Sayyid, miongoni mwao mashua ya fahari, vioo vikubwa na silaha za Colt. Tarehe 9 Agosti 1840 akaondoka na nahodha mpya, Sandwith Drinker wa Philadelphia, aliyeandika habari za safari hiyo siku baada ya siku. Desemba wakafika Unguja. Ahmad akaendelea kumtumikia Sayyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856. Yeye mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1869. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Niliyasimulia mara tatu, na kila mji ukanipa la kuongeza.

Louisville, ambako siku hizi Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo unakisikia madukani, nilionyeshwa vikombe vya fedha vya Kentucky. Zamani vilitolewa zawadi katika maonyesho ya kilimo kwa mwenye mnyama bora, na aghlabu jina limechongwa ubavuni. Muuzaji akaniambia kuwa kikombe chenye jina na mwaka kina bei yake, na kisicho na jina hupimwa kwenye mizani. Nilinyamaza, maana lilinigusa. Miaka mingi nyuma, nikiwa kijana na haja ya pesa, mimi mwenyewe niliuza chetezo cha fedha cha mama yangu. Mnunuzi alikitia kwenye mizani, akanihesabia riali, akakitupa katika kikapu na bangili zilizovunjika. Sikumwambia hata kilitoka kwa nani. Tangu siku hiyo nakusanya vyombo vya watu wengine.

Columbus, mpwa wangu wa kati alinichukua mpaka Newark, Ohio, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Huko palikuwa na kiwanda cha kioo cha Heisey kilichofungwa mwaka 1957. Sasa pana makumbusho ya bakuli, vinara na birika zake. Vingi chini yake vina alama ndogo, herufi H ndani ya msharabu wa pembe nne. Mpwa wangu akaigeuza chupa ya bibi usiku ule akitafuta alama. Haina. Kioo chetu hakina herufi ya kiwanda. Alama yake ni kumbukumbu ya nani aliitumia na siku gani, na kumbukumbu hiyo ilikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Buffalo nikakuta jeraha ambalo bado linasemwa. Mwaka 2007 jumba la sanaa la mji, wakati ule likiitwa Albright-Knox, liliuza vitu vyake vya kale lipate fedha za kununua sanaa ya kisasa. Sanamu ya bronzi ya Artemis na kulungu iliuzwa New York kwa dola milioni 28.6. Baadhi ya wenyeji walikwenda mahakamani kuzuia, wakashindwa. Wakuu wa jumba hawakuvunja sheria, na fedha zilifanya kazi iliyokusudiwa. Lakini kilichoondoka kimeondoka. Ni kama wale farasi wa Sayyid: waliuzwa kwa haki, na wameishia katika mstari mmoja wa historia. Lulu zilizobaki ndizo zinazoweza kumsimamisha mtoto wa Kiomani mbele ya kioo cha makumbusho akauliza hizi ni za nani.

Mpwa wangu mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali la haki: historia italipa deni la chuo? Nikamjibu hapana. Sikuwa na haki ya kumtaka abebe heshima ya ukoo peke yake. Basi tukakaa sote kwa simu. Mkubwa na wa kati wakakubali kumlipa hisa yake katika mrashi na chupa kidogo kidogo. Mimi niliporudi Maskati niliuza vyombo vinne katika mkusanyo wangu, nilivyovinunua bila ya kujua vilitoka nyumba gani, nikampelekea fedha. Deni halikwisha, lakini limepungua. Dele limebaki Buffalo, na kahawa hupikwa humo siku ya Iddi.

Jambo la mwisho tulilofanya halikugharimu kitu. Nilikaa na kila mmoja wao tukaandika karatasi: chombo hiki ni cha fulani binti fulani, wa mtaa fulani Unguja, kilitumika katika harusi ya fulani, kilivuka bahari na fulani mwaka fulani. Karatasi moja ikawekwa pamoja na chombo, nakala ikabaki kwangu.

Zawadi za Ahmad bin Naaman tunazijua leo kwa sababu kuna aliyeandika zilikuwa ngapi na zilitoka kwa nani. Ndugu msomaji, fungua kabati la mama yako leo, maadamu yupo wa kumuuliza. Muulize, uandike.